Siku Nilipomkaribisha Wadi

Ibra, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Rahma,

Salamu tumeshapeana kwenye chakula, kwa hivyo nazivuka nianze maneno. Wewe umelala chumba cha pili, nasikia feni yako inavyolalama, na ningeweza kukuamsha nikakwambia haya kwa mdomo. Lakini wanijua. Mdomoni maneno yangu hukatika, kwenye karatasi hutulia. Ndiyo maana tangu nilipokuwa skuli naandika khabari za kila siku na tarehe yake juu, na baba yako hunitania kwamba malaika wakipotelewa na daftari lao watakuja kuazima langu.

Tangu asubuhi unaniuliza jambo moja: kesho nitapanda gari pamoja nawe na baba yako mpaka Ras al Hadd, au sitapanda? Nafasi ipo. Nimekujibu "tutaona" nawe ukanuna, na haki yako kununa, maana nilikuwa sijaamua kweli. Kilichonizuia ni maneno yako ya jana jikoni. Ulikuwa unamenya vitunguu, ukasema bila ya kuniangalia: "Mama, wewe njoo unipangie nyumba tu. Watu wa kule mimi sina haja nao. Nitasomesha, nitafunga mlango wangu, Jumatano jioni nitarudi zangu Ibra. Wataniuliza tena asili yangu wapi na bibi yangu kazaliwa wapi. Nimechoka kuulizwa."

Nilicheka nikakwambia uangalie kisu. Lakini moyo ulinipasuka, kwa sababu sauti ile ilikuwa yangu mimi, nilipokuwa na umri mkubwa kidogo kuliko wako, katika mji huu huu.

Sitakuandikia khabari za shuka, mchele wala dawa ya tumbo. Umefungasha vizuri kuliko ningekufungashia mimi. Nataka kukuhadithia siku ya wadi. Wewe unaijua kama kichekesho, vile Umm Hilal anavyoihadithia kwenye maharusi mpaka watu wanashika mbavu. Kwangu hukuwahi kuisikia yote.

Tulipofika hapa ulikuwa na miaka minne. Baba yako alipata kazi Maskati, anakuja Alkhamisi anaondoka Ijumaa jioni, na barabara ya lami ilikuwa bado, kwa hivyo Alkhamisi nyengine hakufika kabisa. Tulibaki mimi na wewe katika nyumba ya udongo mwisho wa mtaa, mlango wa nyuma unatazama wadi, mto mkavu. Kwa macho yangu ya Unguja, wadi ile ilikuwa uwanja tu. Mawe meupe, mchanga, mikunazi, mbuzi wanatembea. Nilisoma mpaka darasa la kumi na mbili, mito mikubwa ya dunia naweza kuichora bila ya kutazama kitabu, na mto katika akili yangu ulikuwa kitu chenye maji. Nikasema tumepata bahati, mtoto ana mahali pa kuchezea.

Kiarabu nilikuwa nacho cha msahafu na cha salamu. Wanawake wa mtaa wakisema nami kwa haraka, nashika neno la kwanza na la mwisho, la katikati linapita. Nikijibu wanacheka. Leo najua hawakuwa wakinicheka kwa ubaya, ni vile tu nilivyokuwa nasema Kiarabu kama khutuba ya Ijumaa. Siku zile sikulijua hilo, na nilikuwa na kiburi changu. Nilikuwa msichana wa mjini, nimesoma, naandika barua za Kiingereza, na hawa wananiita "Zinjibariya", yule wa Zanzibar, mpaka jina langu hawalijui. Nikaamua kuwa sina haja nao. Nikitaka mazungumzo nitangoja Alkhamisi, baba yako aje tuzungumze Kiswahili chetu.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Umm Hilal. Huyu bibi unayemwona leo anatembea na fimbo, wakati ule alikuwa anapanda ngazi kama mbuzi. Kila alasiri alikuwa anapanda darini kwake, anasimama mikono kiunoni, anaangaza nyumba zote za mtaa mpaka uani kwetu, midomo inacheza. Mimi nilijua anatuchungulia. Anatazama nimepika nini, nimeanika nini. Nikavumilia, kisha siku moja nikatundika jamvi juu ya ukuta kumkata macho.

Asubuhi yake sauti ikanijia kutoka upande wa pili: "Ya bint Zinjibar! Hilo jamvi ni la jua, au ni la sisi?"

Nilimfahamu vizuri sana. Nikajitia sikufahamu.

Na kulikuwa na mkoba. Huu sijapata kukutajia. Nyuma ya mlango wa mbele niliuweka tayari, tangu siku ya mwanzo: pasipoti, cheti changu cha skuli, bangili za mama yangu, kurunzi, biskuti, vidonge vya homa. Uliyasikia yaliyotupata Unguja, sitayarudia; tuliondoka na nguo za mwilini, cheti na bangili nimezificha ndani yake, nami niliapa kwamba sitashikwa tena mikono mitupu. Kila Ijumaa nilikuwa natoa biskuti kuukuu natia mpya, na natazama kama kurunzi inawaka. Nilikuwa naona hakuna mtu katika mtaa mzima aliyejitayarisha kama mimi. Na ilikuwa kweli, ila nilijitayarisha kuwakimbia watu. Jambo ambalo ungehitaji watu ili uokoke halikunipitia kichwani hata siku moja.

Basi. Ilikuwa wakati wa baridi, baada ya alasiri. Juu yetu mbingu safi. Mbali kwenye milima kumeshika weusi, lakini milima ni milima, mimi na hiyo wapi na wapi. Wewe ulikuwa uani unacheza, ndivyo nilivyojua. Mara nasikia kelele zinatoka mitaa ya juu, zinakuja zinakaribia, wanawake wanapiga vigelegele, wanaume wanaitana:

"Jaa l-wadi! Jaa l-wadi!"

"Wadi amekuja." Neno la kwanza na la mwisho, yote mawili nimeyashika, nikajiona nimekuwa hodari! Hapa hawasemi maji yamejaa au mto umefurika. Wanasema wadi imekuja, kama asemavyo mtu mgeni kaja. Na wanafurahi, kwa sababu wadi ikija falaji, ile mifereji ya mashamba, hujaa na mitende hupona. Mimi nikauliza nafsi yangu: huyu Wadi ni nani? Kwetu tuna Hamadi, tuna Saidi. Wadi naye ni mtu. Na kwa vigelegele vile, lazima ni mtoto wa watu aliyepotea Kuwaiti miaka, leo karudi.

Nikaona aibu, Rahma. Nikasema mtaa mzima unampokea mgeni, nami nitabaki ndani kama mwizi? Nikawasha jiko la mafuta, nikatia dele la kahawa, nikapanga tende kwenye sahani nzuri, nikajifunga kanga mpya. Nilikuwa natafuta iliki mlango ulipopigwa mpaka bawaba zikalia.

Umm Hilal huyo, anahema, shela imemwanguka mabegani. "Wen bintish?" Binti yako yuko wapi?

Mimi nilishika "binti" tu, nikadhani ananisifia. Nikatabasamu, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha khutuba: "Karibu sana. Na Wadi naye, mwambie apite ndani. Kahawa iko tayari."

Akanitazama. Naikumbuka sura ile mpaka leo. "Unamkaribisha wadi?"

"Ndiyo," nikasema. "Mgeni wenu ni mgeni wangu."

Hakucheka. Kucheka kulikuja baadaye, na hakujakwisha. Alinisukuma akaingia, akatazama uani, jikoni, chini ya kitanda, anaita "Rahma! Rahma!" na mlango wa nyuma tukaukuta wazi. Akanishika mkono akanivuta mpaka kizingitini akanioneshea kidole: kule juu, kwenye kona ya wadi. Sikuona kitu. Nilisikia. Kama malori mengi yanasaga mawe, na tone la mvua halijaanguka.

Hapo nikafahamu wadi ni nini.

Na unajua nilifanya nini? Nilirudi mbio ndani nikachukua mkoba. Miguu ilikwenda yenyewe, kwa mazoea ya Ijumaa zote zile. Nikatoka nao, mkono huu mkoba, mkono huu hauna mtu. Umm Hilal akaupiga ukaanguka chini. "Liache hilo! Mtoto!"

Nilitaka kuteremka wadini. Alinikamata kanga kwa nyuma, akanizuia kwa nguvu zake zote, akanipeleka mpaka kwa mwanamke mwengine anishike. Mwenyewe akapanda ukutani, akalivuta jamvi langu likadondoka, akaelekea nyumba ya pili na sauti yake ile unayoijua: "Rahma, binti wa Zinjibariya! Kanzu ya manjano! Hayupo!" Nyumba ya pili ikachukua, ikampa ya tatu. Nilisikia jina lako linakimbia juu ya madari kushuka na wadi, kila sauti inalitamka kidogo mbali zaidi, mpaka likavuka. Ng'ambo kulikuwa na wanawake wanakata majani ya mifugo. Mmoja wao alisimama, akageuka huku na huku, akatupa mundu wake.

Wewe ulikuwa chini ya mkunazi katikati ya wadi, unaokota kunazi unatia kwenye pindo la kanzu. Niliiona kanzu. Niliona yule mwanamke anateremka mbio anajikwaa, anakupakata kama mzigo wa majani, anageuka kurudi upande wake, maana ulikuwa karibu zaidi. Manjano yakapanda ukingo. Kisha maji yakaja baina yetu, mekundu ya udongo, yamebeba mashina ya mitende, na ule mkunazi nikautazama unakwenda.

Hiyo ndiyo nusu isiyohadithiwa kwenye maharusi. Ulikuwa salama, nimekuona kwa macho yangu, na sikuweza kukufikia. Maji hayakuteremka mpaka asubuhi ya pili. Nilikaa ukingoni. Yule mwanamke alikuwa akitoka kila mara na wewe begani, akikunyanyua juu nikuone, kisha akatia vidole mdomoni kunionesha umekula. Magharibi waliweka karabai juu ya dari yao, hawakuizima usiku kucha. Mwanamke ambaye hajanijua jina aliteketeza mafuta yake ili mimi nijue nyumba uliyolala ni ipi.

Umm Hilal alikaa nami. Alikwenda ndani kwangu akalitoa dele, akamimina kikombe, akanywa, akamimina cha pili. "Mgeni wako hakupita ndani," akasema. "Nitakunywa mimi, isiharibike." Nikacheka na huku nalia, na ndipo nilipoanza kusema naye. Nilimuuliza kwa maneno niliyonayo, kwa nini kila siku darini? Akastaajabu kama nimemuuliza kwa nini anasali. Anahesabu watoto wa mtaa, akasema. Mama yake alikuwa akihesabu, na kabla yake khalati yake. Alasiri ndiyo saa watoto wanapotawanyika, na wadi haingoji. Kila mtoto anamjua, na anajua kila nyumba wanalala wangapi.

"Ila yako," akasema. "Ulipotundika lile jamvi sikuona tena. Ilibidi nije kwa miguu."

Alisema hivyo tu, bila ya lawama, kama mtu anayesema njia ina kona. Lakini mimi nilipiga hesabu ya ile njia, kutoka darini kwake mpaka mlangoni kwangu, na ya kahawa, na ya maneno yangu ya karibu sana, nikaipima na mwendo wa yale maji. Nimekuwa nikiipiga hesabu hiyo mpaka leo. Nikamuuliza basi jina la mwanangu amelijulia wapi, na mimi sikumwambia mtu. Akasema: "Si wewe unavyomgombeza asubuhi mpaka jioni? Rahma shuka, Rahma njoo, Rahma acha. Mtaa mzima tunamjua. Wewe ndiye tusiyekujua jina."

Asubuhi mzee mmoja wa ng'ambo akavuka na wewe mabegani, maji yanamfika magotini. Ulikuwa umesukwa nywele. Misuko midogo midogo ya watu wa hapa, imepakwa mafuta yenye zafarani, na usoni umepakwa wanja. Ulinitazama ukalia unamtaka yule mama. Sikuona uchungu hata kidogo. Nilikunusa kichwa nikaona nimepewa mtoto na zaidi. Misuko ile sikuifumua mpaka ilipojifumua yenyewe, na Umm Hilal akasema mtoto sasa ananuka mbuzi. Daftari langu la siku ile lina maneno haya basi: "Mvua hapana. Rahma kalala ng'ambo. Alhamdulillahi."

Nilipokwenda kumshukuru yule mwanamke, njia nzima nakariri maneno ya Kiarabu niliyoyatunga. Nilipofika yakapotea yote. Nikamshika mkono tu. Akasema, "Nilisikia mtoto anaitwa, nikamtazama yuko wapi. Ungefanya hivyo hivyo." Sikuwa na hakika. Mwanamke niliyekuwa siku mbili nyuma asingefahamu linaloitwa ni nini, na pengine asingetoka nje.

Kuanzia hapo nilijifunza. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikasema jina langu na jina lako na kwamba tunalala wawili, Alkhamisi watatu. Waliniuliza asili, wakaniuliza bibi yangu, wakauliza kwa nini sina mtoto wa pili, wakauliza bei ya kanga. Nikajibu. Baadaye nikawa na mimi nina langu la kuchangia, kwa vile ni mtu wa taratibu: tulikubaliana na watu wa ng'ambo kwamba karabai darini maana yake wako wote, na asiye na karabai tunamnunulia sote. Kamba nene ikawekwa msikitini. Wazee wasioweza kutembea kila mmoja akajulikana atabebwa na nani. Leo kuna simu na polisi na redio, na mambo hayo hatujayaacha.

Nilikosea tena pia, usidhani nilikuwa malaika mara moja. Mwaka uliofuata, usiku mmoja nilisikia mngurumo, nikatoka kichwa wazi napiga kelele "Jaa l-wadi!" mtaa mzima ukapanda juu na watoto na mbuzi. Likapita lori la maji la watengenezaji barabara. Umm Hilal akasema, "Ya Zinjibariya, wadi yako hii ina honi." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilipolala niliona jambo: walipanda. Kwa sauti yangu, Kiarabu changu kile kile, walitoka vitandani bila ya kuuliza nani kasema. Hakuna cheti nilichopata maishani kilichonifurahisha kama hicho.

Sasa unakwenda baharini. Kule khatari ni upepo na bahari kupanda, na mimi siijui bahari ya kule. Sijui wakiona inageuka wanasemaje. Huenda neno lao si lile uliloandika kwenye mtihani wa chuo cha walimu. Sijui wanakimbilia wapi, na skuli yako iko juu au iko chini, na nani atajua kwamba katika nyumba ya walimu mnalala watatu. Wala haya huwezi kuyasoma mahali. Yako midomoni mwa watu, na watu hawayatoi kwa mlango uliofungwa.

Basi jibu lako ni hili: sitapanda gari.

Nimelia kidogo nilipoliandika, lakini nimeliandika. Nikija, nitakupangia nyumba mpaka vijiko, jirani atachungulia, atasema huyu ana mama yake, na atarudi zake ndani. Baba yako atashusha sanduku, naye ni mwanamume, hatakaa, ataondoka. Utabaki umesimama mlangoni na vitu vyako. Na nakuapia, kabla hujapata ufunguo, mwanamke mmoja atatoka nyumba ya pili na kukujia. Atakutazama juu mpaka chini. Atakuuliza wewe nani, bint wa nani, asili yenu wapi, bibi yako kazaliwa wapi, na umekuja kukaa muda gani.

Najua umechoka. Mjibu hivyo hivyo, yote, pole pole. Huyo anataka kujua siku ya siku apige kelele jina gani.

Kisha na wewe muulize lake.

Nakushukuru kwa kila siku uliyolala chini ya dari yangu,

Mama yako